Fundi wa gari la nyumbani apimwe, asishangiliwe tu

Kila baada ya miezi michache, magazeti yetu huchapisha picha ya mwananchi aliyesimama kando ya gari alilojiundia mwenyewe nyumbani kwake. Picha hizo hufanana kama mapacha. Fundi hutabasamu, watoto wa kijiji hujazana nyuma yake, na gari lenyewe huwa limetengenezwa kwa mabati, mabomba ya chuma na injini ya pikipiki. Chini ya picha huandikwa kwamba amewastaajabisha wengi. Mzee wa mtaa huiomba serikali imsaidie kijana huyo, na pengine mheshimiwa fulani huahidi kumlipia karo ya chuo. Baada ya hapo huwa kimya kama cha makaburini. Mimi ni msomaji wa magazeti tangu utotoni, na sijapata kusoma hata mara moja habari ya pili, ile ambayo ingetueleza kwamba gari hilo lilipokanyagwa breki likienda kilomita 50 kwa saa, lilisimama baada ya mita ngapi.

Huo ndio upungufu ninaotaka kuuzungumzia leo. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa, nasi Wakenya ni hodari wa kutunza. Lakini wahenga hao hao walitahadharisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kumsifu mtu kwa kazi ambayo hatujaipima ni namna ya kumdharau. Ni kama kumwambia kwamba hatukutarajia angeweza chochote, na kwa hiyo lolote alilolifanya linatosha. Hakuna anayempigia makofi fundi wa Ujerumani au wa Japani kwa sababu tu gari lake limesogea. Huyo huulizwa maswali magumu, na majibu yake huandikwa.

Nitatoa mfano wa mtu ninayemfahamu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Ni mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi pembezoni mwa mji wa Thika, na sote mtaani twamwita Mwalimu. Kwa miaka sita sasa amekuwa akiunda gari katika kibanda ambacho zamani kilikuwa zizi la ng'ombe wake wa maziwa. Halifanani na yale ya pichani yenye magurudumu ya pikipiki. Ni gari la viti viwili, lisilo na paa, lililoundwa kwa mtindo wa magari madogo ya michezo ya Waingereza ya miaka ya 1930: boneti ndefu, taa mbili kubwa za duara zilizosimama nje kama macho ya chura, madigadi yaliyopinda kama mawimbi, na ubao wa kukanyagia ubavuni. Alipokuwa mtoto aliliona gari la namna hiyo likiendeshwa na meneja wa shamba moja la kahawa, na halikumtoka akilini hata alipokuwa akiwafundisha watoto wa watu juu ya kani na msuguano.

Gari halisi la miaka hiyo si kitu ambacho mwalimu mstaafu aweza kulipata. Yaliyosalia nchini ni ya wachache wenye nacho, na twayaona yaking'aa katika maonyesho ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Kuliagiza kutoka ng'ambo ni mlima mwingine, maadamu kanuni zetu kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita umri wa miaka 8. Basi Mwalimu alikata shauri kulijenga la kwake juu ya sakafu ya Volkswagen aina ya Beetle, lile gari lenye mgongo kama wa kobe ambalo wazazi wetu walilifahamu vyema, na ambalo lilishinda mashindano ya kwanza kabisa ya Safari mwaka 1953.

Msomaji huenda akauliza, kwa nini Beetle? Jibu lake lina elimu ndani yake. Magari mengi ya leo hayana chesisi iliyo mbali na bodi. Mabati yote yameunganishwa yakawa kitu kimoja, na ukikata pahali umedhoofisha gari zima. Beetle si hivyo. Bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma, na katikati ya sakafu hiyo hupita bomba pana ambalo ni kama uti wa mgongo. Ndani ya bomba hilo mmepitishwa waya wa klachi, waya wa mafuta, nyaya za breki ya mkono na fimbo ya gia. Injini iko nyuma, hupozwa kwa upepo bila rejeta wala maji, na imeshikwa na bolti nne tu. Ukifungua bolti za bodi na kuinua ganda hilo la kobe, kinachobaki chini ni gari linaloweza kujiendesha lenyewe. Ndiyo sababu huko California, tangu Bruce Meyers alipounda gari lake la mchangani la faibaglasi mwaka 1964, maelfu ya watu wasio wahandisi wamejijengea magari ya kila umbo juu ya sakafu hiyo hiyo, yakiwemo yale ya kuigiza magari ya kale. Beetle zaidi ya milioni 21 ziliundwa duniani kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwaka 2003. Vipuri vyake havijawa adimu hadi leo.

Nimekaa katika kibanda kile jioni nyingi nikimwangalia Mwalimu akifanya kazi, na jambo lililonivutia zaidi ni yale aliyokataa kuyafanya. Wamarekani wengi hukata sakafu ya Beetle na kuifupisha kwa zaidi ya futi moja ili gari lipendeze. Mwalimu alipima, akatafakari juma zima, akaiacha vile ilivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba kukata ule uti wa mgongo na kuuchomelea upya ni kazi ambayo ikiharibika haitoi ishara. Gari litakwenda vizuri mwaka mzima, kisha siku moja likiwa kwenye matuta litapasuka. Badala yake aliongeza fremu ya chuma cha pembe nne pande zote za sakafu, kwa kuwa alijua kwamba bodi ya zamani, ingawa imefungwa kwa bolti tu, ilikuwa ikisaidia kuzuia sakafu isijipinde. Bodi mpya ameijenga kwa fremu ya mbao ngumu na kuivika mabati, kama walivyofanya Waingereza wenyewe enzi hizo. Kufinyanga bati kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga alifundishwa na fundi wa bodi za matatu, naye akamlipa kwa kumfundisha bintiye hesabu. Boneti ile ndefu, kwa taarifa yako, haina injini ndani. Mna tanki la mafuta, betri na mahali pa kuwekea sanduku dogo. Watoto wakiifungua hucheka sana, na Mwalimu hucheka pamoja nao.

Lakini kuna mahali ambapo hacheki. Beetle nyingi za zamani zilikuwa na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki, maana yake bomba moja likivuja magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja. Ameweka silinda kuu yenye mifumo miwili, ili wa mbele ukifa wa nyuma ubaki. Isitoshe, mhimili wa usukani katika Beetle za mwanzo ulikuwa chuma kimoja kisichojikunja, na gari lilipogonga kitu kwa mbele chuma hicho kiliweza kumwelekea dereva kifuani kama mkuki. Mwalimu alitafuta mhimili wa aina ya baadaye, ule unaojikunja. Hata hivyo, kwa kuwa katika gari la mtindo wa kale dereva huketi nyuma zaidi, imembidi aurefushe mhimili huo, na kuurefusha ni kuongeza kiungo, na kiungo hicho amekichomelea yeye mwenyewe.

Hapo ndipo gari lilipokwama. Lina injini, lina taa, lina rangi ya kijani kibichi iliyosuguliwa kwa msasa mara nyingi. Halijavuka lango la boma lake. Huliendesha katika njia ya shambani, mita mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, mwendo wa mtu anayetembea. Ameniambia waziwazi kwamba hakiamini kiungo kile. Hakiamini si kwa sababu ana ushahidi kwamba ni kibovu, bali kwa sababu kazi yake mwenyewe mtu hawezi kuisahihisha mwenyewe; miaka 34 ya kusahihisha madaftari ilimfunza hivyo. Anahitaji macho ya mtu mwingine, mtu mwenye ujuzi na mamlaka, atakayeingia chini ya gari na tochi. Akiambiwa halifai, atalivunja na kuanza upya. Asichotaka ni kuambiwa na majirani kila Jumapili kwamba yeye ni fahari ya kijiji.

Jambo hili si la Mwalimu peke yake. Nchi nyingine zilikwisha kulikabili. Uingereza, ambako kujijengea gari katika banda la nyumbani ni desturi ya miaka mingi, iliweka mwaka 1998 utaratibu wa kulikagua gari moja moja kabla halijapewa nambari, na mwaka 2009 ikauimarisha. Mtu aliyejiundia gari kwa matumizi yake hupeleka ombi, huonyesha picha za kazi tangu mwanzo hadi mwisho ili kuthibitisha kwamba kweli ni yeye aliyelijenga, kisha hulipeleka mbele ya wakaguzi. Hao hawapendezwi na rangi. Hupima breki kwa mashine, huangalia usukani, mikanda, taa, vioo, moshi na kelele. Hupapasa hata ncha za vitu vilivyojitokeza nje ya bodi, kwa sababu kanuni hairegezi: panapoweza kumgusa mtu aendaye kwa miguu, pasiwe na ukali, na mviringo wa ncha usipungue milimita 2.5. Gari likishindwa, mwenyewe hupewa orodha ya makosa, akarekebishe na kurudi. Wengi hushindwa mara ya kwanza na hawaoni haya.

Waingereza walikwenda mbali zaidi katika swali ambalo polisi wetu lingewasumbua sana: gari lililojengwa kwa vipande vya magari mengine ni gari gani? Kwa miaka mingi walitumia hesabu ya alama. Chesisi ya asili ilipewa alama 5, injini 1, na sehemu nyingine kama usukani na akseli alama 2 kila moja. Lililofikisha alama 8, chesisi ikiwa ya asili, lilibaki na jina lake la kale. Lisilofikisha lilikuwa gari jipya. Na lile ambalo umri wa vipande vyake haujulikani hupewa nambari inayoanza na herufi Q, ili kila anayetaka kulinunua ajue mapema kwamba nasaba yake ina kitendawili. California nao, ambao kwa sheria za moshi ni wakali kuliko wote, wametenga nafasi 500 kila mwaka kwa magari yaliyoundwa na watu binafsi ambayo yanaweza kuhesabiwa kwa umri wa bodi yanayoiga au wa injini yaliyofungwa. Mtu aweza kubishana nao juu ya idadi hiyo. Ila angalau ameonyeshwa mlango na saa za kufunguliwa.

Hapa kwetu mlango upo vipi? Sheria inataka mabadiliko ya injini, rangi au bodi ya gari yaarifiwe ili daftari la gari lisahihishwe, na hiyo ni kanuni njema. Nambari ya chesisi ya Beetle imepigwa muhuri juu ya lile bomba la katikati, chini ya kiti cha nyuma, na Mwalimu hajaigusa. Lakini karani akiifungua rekodi atasoma habari za gari la abiria wanne lenye paa, kisha atainua macho na kuona kitu kinachofanana na gari la gavana wa zamani wa kikoloni. Simlaumu akisita. Karani hakuajiriwa kubuni sera. Ninachodai ni kwamba wakuu wanaohusika wamwandikie hatua za kufuata, kwa lugha ambayo fundi wa Kariobangi na mwalimu wa Thika wataielewa, ili asitumie busara yake, wala mwenye gari asitumie bahasha.

Wapo watakaoniambia kwamba ninawapigania matajiri na michezo yao. Huo ni upofu. Tajiri hununua, hahitaji kuunda. Anayeunda ni mtu mwenye mikono, muda wa jioni na akiba ndogo. Na nchi hii imejengwa na watu wa namna hiyo. Mkokoteni unaobeba viazi kutoka sokoni Wakulima umetengenezwa kwa akseli na magurudumu ya gari lililokufa. Shirika la Kazi Duniani lilipokuja kutuchunguza mwaka 1972, ripoti yake ndiyo iliyoufunza ulimwengu kuiangalia kazi ya watu hawa kama sehemu ya uchumi na si kero ya jiji. Mwaka 1992 serikali yetu yenyewe ilitoa waraka wa kikao, nambari 2 wa mwaka huo, kuhusu biashara ndogo na jua kali. Makaratasi hatuna uhaba nayo.

Na si kweli kwamba hatujui kukagua kazi ya mikono. Bodi za mabasi na matatu zinazobeba wananchi kila uchao hazikuja na meli; nyingi hujengwa hapa hapa, na mafundi wetu, juu ya chesisi za lori. Kwa hizo tumeandika kiwango, KS 372, kinachoeleza viti vishikwe vipi, milango iwe mipana kiasi gani na bodi istahimili nini. Kama tunaweza kuandika kanuni za bodi inayobeba watu 33, itatushinda vipi kuandika za bodi inayobeba wawili? Katika mji huo huo wa Thika mna kiwanda cha kuunganisha magari, kama vilivyomo Nairobi na Mombasa. Wahandisi wanaojua kiungo cha usukani hawako mwezini.

Kuna wanaokumbuka Nyayo Pioneer na kutikisa vichwa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa kobe. Yaliundwa magari 5 ya majaribio, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na mwaka 1990 yakaonyeshwa kwa umma kwa shangwe kubwa. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana na shughuli yote ikafifia. Watu hulitumia jambo hilo kama kichekesho cha kuthibitisha kwamba Mkenya hawezi kuunda gari. Mimi naona lilithibitisha kinyume chake. Wahandisi wale walitumwa gari na wakaleta gari. Ila sisi wengine tulikumbushwa sherehe, nyimbo na hotuba, na hadi leo ukimuuliza mwananchi wa kawaida gari lile lilikuwa na breki za aina gani, hana habari. Tumelihifadhi kama fahari na kulizika kama aibu, pasipo kulisoma kama kazi ya ufundi yenye mema na mabaya yake.

Pingamizi lenye uzito ni moja tu, nalo ni la wizi. Twajua kwamba yapo magenge yanayoiba magari, kuyachinja usiku na kuyaunganisha kwa nambari za magari yaliyogongwa. Polisi ana haki ya kuuliza, ikiwa kila mtu ataruhusiwa kuunganisha gari nyumbani, mwizi atajificha wapi pazuri zaidi? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika ile desturi ya kuonyesha picha na stakabadhi za kila kipande. Mwalimu ana daftari tatu, alizoziandika kwa mkono wake mzuri wa ubaoni, zenye tarehe ya kila bolti na risiti zilizobandikwa kwa gundi. Mwizi hana subira ya daftari hata moja. Kinachomfaa mwizi ni hali ya sasa, ambapo mwenye kuunda kwa nia njema na mwenye kuchinja kwa nia mbaya wote wawili wanafanya kazi nyuma ya ua, mmoja akimwogopa askari kwa haki na mwingine kwa kutojua.

Isitoshe, jambo hili halitabaki la wapenda magari ya kale. Kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ambayo leo huitwa Roam, ilianza kazi yake hapa Nairobi kwa kuyatoa magari ya porini injini za dizeli na kuyatia mota za umeme. Kesho mafundi wa gereji za kawaida watataka kufanya vivyo hivyo kwa magari ya wateja wao, na kesho hiyo haiko mbali. Gari lililotolewa injini na kutiwa betri nzito limebadilika uzito, limebadilika breki, na waya wake waweza kumuua mzimamoto asiyejua pa kukata. Nani atalikagua? Tukiwa tumejifunza kwa gari la kijani la Mwalimu, tutakuwa tumekwisha kupata uzoefu kwa gharama nafuu.

Sipendekezi wakala mpya, mwenyekiti mpya wala gari jipya la mwenyekiti. Vituo vya ukaguzi tunavyo. Magari ya abiria hupelekwa huko kila mwaka, na vyombo vya kupimia breki vimo. Mkaguzi mmoja mhandisi, siku moja kwa mwezi, katika kituo kimoja cha Nairobi na kimoja cha Mombasa, angetosha kuanzia. Ada ailipe mwenye gari, nayo iandikwe ukutani. Fomu iwe na kurasa chache: vipande vilikotoka, picha za kazi, jina la aliyechomelea usukani na breki. Gari likipita lipewe nambari yenye alama yake ya pekee, na pengine lizuiwe kupita mwendo fulani au kubeba abiria wa kulipa. Gari likipewa nambari, kampuni za bima ziamriwe kulipokea angalau kwa bima ile ya lazima ya watu wengine, ambayo bila hiyo Sura ya 405 ya sheria zetu haimruhusu yeyote kutia gurudumu barabarani. Likishindwa, mkaguzi aandike sababu, atie sahihi, na ampe mwenyewe nakala.

Nasi wa magazeti tuna sehemu yetu. Mhariri atakapoletewa tena picha ya kijana na gari lake la mabati, amtume mwandishi akiwa na kamba ya kupimia. Gari lipelekwe kwenye uwanja mtupu, likimbizwe, breki zikanyagwe, na umbali uandikwe chini ya picha pamoja na jina la fundi.